Mafunzo ya Wahubiri Wetu Yafaa Yafanywe Upya

(Hotuba iliyotolewa na mchungaji wa Kanisa la Methodisti, ambaye ni mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapisha hapa kwa ombi la wengi waliohudhuria. – Mhariri)



 Katibu aliponiandikia aliniambia nichague jambo lolote ninalolijua vizuri. Nilifikiri kidogo, nikakumbuka kwamba humu ukumbini wamo madaktari, mainjinia, mawakili na watu wa benki, na kwamba nikithubutu kuzungumza juu ya kazi zao nitachekwa. Kwa hiyo nimechagua jambo la kazi yangu mwenyewe, yaani jinsi wachungaji na wahubiri wanavyofundishwa kazi yao, na kwa nini naona mafunzo hayo yafaa yafanywe upya.

Najua kati yenu wako Waislamu, na wako Wakristo wa madhehebu mengine. Nawaomba mnivumilie. Mtu akifa kijijini, sote twakutana matangani, na neno atakalolisema mhubiri pale laweza kuwapatanisha majirani au kuwagombanisha, wawe wa dini yake au la.

Basi nianze na habari zangu. Nilimaliza Kidato cha Sita hapa mwaka 1983. Wa rika langu watakumbuka jinsi tulivyoteremka bondeni na ndoo kila jioni, maana mabomba yalikuwa mapambo tu. Baadaye nilikwenda chuo cha theolojia, nikasoma, nikafaulu, na mwaka 1991 nikapewa sakiti yangu ya kwanza, huku Pwani, bara ya Mombasa. Kwa wasio Wamethodisti, sakiti ni mzunguko wa makanisa kadhaa yaliyo chini ya mchungaji mmoja. Sakiti yangu ilikuwa na makanisa 11. Mimi nilikuwa mmoja, na baiskeli yangu ilikuwa moja.

Vijana mnaosoma hesabu, nisaidieni. Mwaka una Jumapili 52. Gawanya kwa 11. Kila kanisa lilimwona mchungaji wake mara nne kwa mwaka, au mara tano likiwa na bahati. Je, Jumapili zile 47 nyingine ni nani aliyehubiri? Ni nani aliyezika, aliyewatembelea wagonjwa, aliyesuluhisha ugomvi wa mume na mke saa nne za usiku? Walikuwa ni wahubiri wa mahali, yaani watu wenye kazi zao za mkono ambao kanisa limewapa idhini ya kuhubiri. Mmoja alikuwa seremala, mwingine mwalimu wa shule ya msingi, mwingine mwenye duka, mwingine mama mkulima aliyekuwa akisoma Biblia kwa taa ya chemni baada ya kuwalaza watoto.

Mimi niliyeonekana mara tano nilikuwa nimegharimiwa miaka mizima ya masomo. Wao walioonekana mara 47 walikuwa wamepewa semina za Jumamosi chache na kijitabu kilichochakaa. Jambo hilo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, lakini mimi sikulitambua hadi nilipopata funzo, tena nililipata makaburini.

Mambo mawili yaliyonifunza

Mwaka 1992, katika kijiji kimoja cha sakiti ile, kijana mgema alianguka kutoka juu ya mnazi akafa. Nilikwenda kumzika. Nilikuwa nimeandaa mahubiri juu ya ufufuo, na niliyaandaa kwa bidii. Nilieleza neno la Kiyunani na maana zake, nikaeleza Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa sababu gani. Watu walitulia kimya. Nikadhani wanasikiliza.

Nilipomaliza, mzee mmoja seremala, ambaye ndiye aliyekuwa mhubiri wa mahali pale, aliomba kutoa tangazo. Hakutoa tangazo lolote. Alitembea hadi nyuma ya umati, ambako mjomba wa marehemu, mzee mwenye mvi, alikuwa ameketi peke yake juu ya mkeka, na hakuna aliyekuwa amekaribia mkeka ule. Seremala akaketi kando yake, akamshika mkono. Kisha akamwita mgema mwingine aliyekuwa na marehemu siku ile, akamwomba aeleze mbele ya watu wote jinsi ilivyokuwa. Yule akaeleza: mvua ilikuwa imenyesha usiku, mti ulikuwa unateleza, marehemu aliambiwa angoje jua, naye akasema tembo halingoji. Seremala akauliza mara ya pili, polepole, ili kila mtu asikie. Halafu akasema, "Basi tumesikia." Usiku ule alilala nyumbani kwa mjomba, na usiku uliofuata pia.

Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Akanijibu kwa adabu, "Mchungaji, umehubiri vizuri sana. Lakini hukusikia matanga yanasema nini."

Matanga yalikuwa yakisema kwamba mjomba ni mchawi. Ninyi mliokulia Kilifi na Kwale mnajua neno hilo huishia wapi. Kwa miaka mingi sasa, wazee wa Pwani wameuawa kwa panga kwa sababu tu ya mvi zao, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi pana shamba ambalo mtu analitaka. Mimi nilisimama pale na vyeti vyangu, nikaeleza neno la Kiyunani, na kumbe mtu mmoja alikuwa anahukumiwa nyuma ya mgongo wangu.

Jambo la pili lilitokea mwaka 1994, katika kijiji kingine cha sakiti ile ile. Huko mhubiri wa mahali alikuwa kijana mwenye duka, mtu mwaminifu, mwenye sauti nzuri. Mtoto alikufa kwa homa, na bibi mmoja mzee akashutumiwa. Vijana wakaiteketeza nyumba yake, naye akakimbia usiku, akaenda kufia mbali na kwao. Nilipofika, siku ya nne, nilimkemea yule mhubiri. Nikamwambia, "Wewe ni mhubiri wa kanisa, ulikuwapo matangani, ukanyamaza. Kwa nini?"

Akaniangalia, macho yamejaa machozi, akasema, "Sikujua la kusema. Mchungaji, ungenifundisha lini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimefika kijijini kwake kama mara kumi na nne. Kila mara nilihubiri, nikabariki, nikala kuku, nikapanda baiskeli. Yote niliyoyajua nilikuja nayo na kuondoka nayo.

Jambo hili si geni

Watu wengine husema kwamba mafunzo ya wachungaji ni jambo takatifu lisiloguswa, kwamba tuyaache kama tulivyoyarithi. Hao hawajasoma historia ya kanisa letu wenyewe. John Wesley, aliyezaliwa mwaka 1703 na kufa mwaka 1791, alikuwa kasisi msomi wa Oxford. Lakini kazi yake ilipopanuka ilimbidi awatumie watu wasiosoma vyuoni. Mmoja wa waliosifika sana, John Nelson, alikuwa mwashi wa mawe. Je, Wesley aliwaacha hivi hivi? Hata kidogo. Kuanzia mwaka 1749 aliwachapishia mkusanyo wa vitabu 50, vilivyofupishwa kwa ajili ya watu wa kawaida, akawataka wasome saa kadhaa kila siku. Aliyelalamika kwamba hapendi kusoma aliambiwa ajizoeze, au arudi kwenye kazi yake ya zamani.

Chuo kilikuja baadaye sana. Ni mwaka 1834, miaka 43 baada ya kifo cha Wesley, ndipo Konferensi ya Uingereza ilipokubali kuanzisha chuo cha wahubiri, huko Hoxton, London, na hata hapo wako waliopinga vikali. Kwa hiyo chuo chenyewe, ambacho leo twakiona kama kilikuwapo tangu enzi, kiliwahi kuwa jambo jipya lililogombaniwa.

Hapa kwetu hali kadhalika. Mwaka 1862 Thomas Wakefield alifika Pwani akiongozwa na Krapf, na kazi ikaanza Ribe. Mwaka 1912 ikafika Meru. Kwa miongo mingi waliofanya kazi ya kuhubiri vijijini walikuwa walimu na wainjilisti wenyeji waliofundishwa kidogo huku wanafanya kazi. Baadaye, mwaka 1955, Wamethodisti na Wapresbiteri waliungana na Waanglikana katika Chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru, chuo ambacho kilikuwa kimeanza Frere Town mwaka 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930. Mwaka 1967 kanisa letu lilipata kujitawala. Chuo Kikuu cha Kenya Methodist, pale Meru, kilipata hati yake mwaka 2006, na Mtakatifu Paulo kikawa chuo kikuu mwaka 2007. Kila kizazi kilibadilisha kitu.

Sina neno baya juu ya vyuo hivyo. Ni fahari yetu. Lakini yafaa tuseme ukweli: kadiri vyuo vinavyopanda ngazi, ndivyo mlango wao unavyozidi kuwa mbali na seremala wangu. Hana Kidato cha Nne. Hana karo. Na akiacha karakana yake kwa miaka mitatu, wanawe watakula nini?

Tena kwenda chuoni peke yake si dawa. Marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui, aliyefariki mwaka 2019, aliandika katika miaka ya 1970 kisa cha msomi mmoja wa theolojia aliyerudi kwao kutoka Ulaya na shahada kubwa na lugha nyingi. Wakati wa karamu ya kumpokea, dada yake akashikwa na pepo, na watu wote wakamgeukia yeye awasaidie. Yeye alikuwa na majina ya wanazuoni wa Kijerumani tu. Kila nikikumbuka kisa hicho najiona mimi mwenyewe, nimesimama kando ya kaburi la mgema.

Yapasa kufundishwa nini?

Sasa, Bwana Mwenyekiti, mtu asije akadhani nataka tuache kufundisha Biblia tufundishe siasa na ufugaji wa kuku. Biblia kwanza. Lakini isomwe pamoja na maisha ambayo mhubiri atakutana nayo wiki ile ile. Nitataja mambo matano.

La kwanza ni kifo na lawama zake. Mhubiri afundishwe kuuliza yaliyotokea, kumkaribia anayenyooshewa kidole, kumwita chifu mapema, na kusema wazi mbele ya watu kwamba damu ya mzee haitamrudisha mtoto. Haya yanafundishika. Seremala aliyajua kwa hekima yake. Mwenye duka angeweza kuyajua kama angefundishwa.

La pili ni ugonjwa. Ukimwi ulitambuliwa hapa Kenya mwaka 1984. Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianzisha mpango maalumu wa kuyasaidia makanisa ya Afrika, na vyuo vya theolojia vikahimizwa kuuingiza ukimwi katika mitaala yao. Kutoka 1984 hadi 2002 ni miaka 18. Katika miaka yote hiyo wahubiri wa mahali walikuwa wakizika. Walisema walichoweza kusema, na wako waliosema mbele ya wajane na mayatima kwamba marehemu amelipwa kwa dhambi zake. Sisi wenye elimu tuliwaacha bila neno jingine, basi tusiwalaumu wao peke yao. Ugonjwa ujao usitukute tumelala hivyo.

La tatu ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ya kimila, na imekataza ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18. Mhubiri wa kijijini huulizwa mambo haya kabla ya wakili yeyote. Hali kadhalika mambo ya urithi wa shamba na haki ya mjane. Hahitaji kuwa wakili. Ahitaji kujua la kukataa, na kujua ampeleke mtu wapi.

La nne ni fedha na ulinzi wa watoto. Zamani sadaka ilihesabiwa mezani mbele ya watu wawili. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, sadaka nyingine huingia katika simu ya mtu mmoja. Mhubiri mwaminifu aweza kuharibikiwa jina kwa kukosa kuandika tu. Na kuhusu watoto, mhubiri ajue kwamba mtoto akimwambia ameumizwa, jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi wa faini kati ya wazee wawili. Lina polisi na lina hospitali.

La tano ni kujibu sauti nyingine. Muumini wa leo husikia mahubiri kumi kwa simu kati ya Jumatatu na Jumamosi, kutoka kwa watu asiowajua. Jumapili humwendea mhubiri wake akamuuliza, "Yule alisema hivi, ni kweli?" Tusijidanganye kwamba jambo hili ni dogo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti hii hii ya Kilifi ambamo Ribe imo, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunzwa kwamba kwa kufunga hadi kufa watamwona Yesu. Wakristo tumekuwa Kilifi tangu karne ya kumi na tisa. Naona aibu kulisema, lakini yafaa tujiulize: wale watu, kabla ya kwenda msituni, walikuwa na jirani aliyefundishwa vizuri kiasi cha kuweza kukaa nao chini, kufungua kifungu kile kile walichosomewa, na kuwaonyesha kilivyopotoshwa?

Hapo ndipo elimu ile ya chuoni, hata Kiyunani changu, ina kazi yake. Siitupi. Elimu ya kusoma kifungu pamoja na kilichotangulia na kinachofuata yaweza kuokoa roho za watu. Lakini ni lazima ifike kijijini.

Ifundishwe vipi?

Mwaka 1963 chuo kimoja cha Wapresbiteri nchini Guatemala kiliona kwamba viongozi wa kweli wa makanisa ya mashambani hawawezi kuacha kazi na familia zao waje chuoni, na kwamba vijana waliokuja, wengi hawakurudi mashambani. Wakageuza utaratibu. Mwanafunzi akabaki kwake, akapewa kitabu cha kujisomea, akasoma siku za wiki huku anafanya kazi yake, na mara moja kwa wiki wanafunzi wa jirani wakakutana na mwalimu aliyewafuata. Mtindo huo ulienea katika nchi nyingi, na Kenya imo. Mahali pengi ulianza kwa moto ukafifia, kwa sababu mwalimu alikosa nauli, vitabu vikaisha, au watu wakauona kuwa ni elimu ya daraja la pili.

Naona tuurudishe, na turekebishe palipovunjika. Lugha iwe Kiswahili, na lugha za nyumbani inapobidi. Mhubiri atakayezika kwa Kigiriama na kusuluhisha kwa Kiswahili, kwa nini mtihani wake uwe wa Kiingereza? Walimu wasiwe wachungaji peke yao. Muuguzi afundishe habari za ugonjwa, wakili afundishe urithi, mhasibu afundishe daftari. Na wahubiri wazee, kama yule seremala, wawekwe mbele wafundishe matanga, sisi wenye shahada tukae chini tuandike.

Tena mafunzo ya mchungaji wa chuoni nayo yabadilike upande huo. Kabla hajapewa sakiti, akae miezi sita katika kijiji kimoja chini ya mhubiri wa mahali. Asihubiri sana. Atembee naye tu, asikilize.

Wako watakaoniuliza, "Mchungaji, Petro alikuwa mvuvi. Nani alimpa cheti?" Ni kweli alikuwa mvuvi. Lakini alitembea na Mwalimu wake mchana na usiku, akaulizwa maswali, akakosea, akarekebishwa hadharani. Hayo ni mafunzo makali kuliko yangu. Wengine watasema kinyume, kwamba serikali ifunge mdomo wa kila asiye na shahada. Mimi nasema cheti hakimzuii mpotovu. Msomi naye hupotosha. Kinachosaidia ni mafunzo pamoja na kusimamiwa. Na sisi Wamethodisti tumerithi utaratibu mzuri: mhubiri wa mahali hasimami madhabahuni kwa kujitangaza. Hujaribiwa kwanza, husikilizwa na wenzake, hutahiniwa, ndipo hukubaliwa. Na hata akikubaliwa ratiba ya mahubiri humwonyesha ahubiri wapi na lini. Utaratibu huo tunao. Tumeuacha ukawa karatasi tu.

Ombi langu

Sikuja kulalamika peke yake. Nina ombi, tena ni dogo.

Mwalimu Mkuu, madarasa haya husimama matupu likizo ya Agosti. Naomba kanisa liruhusiwe kuyatumia kwa wiki moja kila mwaka kwa ajili ya wahubiri wa mahali wa sakiti zilizo karibu. Watalala katika mabweni, watakuja na unga wao na maharagwe yao, na maji, kama bado ni yale ya zamani, watateka wenyewe.

Wanafunzi wa zamani wenzangu, siombi fedha nyingi. Namwomba daktari mmoja, wakili mmoja na mhasibu mmoja, kila mmoja atoe Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu aje kijijini afundishe kwa lugha inayoeleweka. Kama u Mwislamu na unaijua sheria ya ardhi, karibu. Shamba la mjane halina dhehebu. Atakayeweza kumlipia mwalimu nauli ya kuwafikia wahubiri huko waliko, huyo atakuwa ameziba lile tundu ambalo mpango huu ulivujia mahali pengi.

Nanyi vijana, huenda mmoja wenu au wawili wataitwa kuwa wachungaji. Ukifika chuoni, soma kwa bidii, Kiyunani na vyote. Lakini likizo ikifika, rudi nyumbani, ukakae matangani nyuma kabisa, kule ambako watu hunong'ona, usikie yanasema nini.

Yule mwenye duka yungali hai. Ana mvi sasa, na mwaka jana aliniambia, nusu kwa mzaha, kwamba imefika zamu yake ya kuogopa. Bado ni mhubiri wa mahali. Swali aliloniuliza mwaka 1994 nimelibeba miaka yote hii, na sijapata kumjibu. Mkikubali ombi langu, Jumatatu nitamwendea nimwambie, "Ndugu yangu, ni Agosti. Beba daftari lako."